Hadithi Iliyoishia Jumatatu

Padri Athanasio alinipigia simu Alhamisi nikiwa dukani Gatitu, nikimpimia mteja chumvi ya ng'ombe. Aliniambia Mzee Gathogo amepumzika, na kwamba familia imekubaliana mazishi yawe Jumanne. Sikulia. Nilisema, "Padri, si Jumanne," kisha nikashikwa na aibu, maana mimi ni nani, msichana wa miaka kumi na tisa anayeuza dawa za kupe, hata nimpangie padri siku ya kuzika. Akaniuliza kama nimesema kitu. Nikasema hapana. Akaeleza kwa upole kwamba mochari wametoa nafasi hiyo, watoto wa mzee walio Nairobi wameshaomba ruhusa kazini, na yeye mwenyewe Jumatano ana mkutano. Mteja alikuwa ameinamia mzani akihakikisha simpunji. Nilipomaliza naye nilifunga duka kabla ya saa zake, nikaenda chumbani, nikatoa chini ya godoro daftari nililoliandika "Hisabati" kwa kalamu nene ili mtu yeyote asitamani kulifungua.

Hakuna hisabati ndani yake. Kuna mwaka mmoja tu, ule niliokuwa kidato cha tatu, nilipoishi Tetu kwa Mzee Gathogo na mkewe. Niliwaita Guka na Cucu, babu na nyanya, ingawa hatukuwa na undugu wowote. Kwa nini nilitoka kwetu Endarasha nikakaa kwa watu baki sitaeleza hapa. Inatosha kusema kwamba shule ya kutwa ilikuwa karibu na kwao, na wao walikuwa na chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jikoni, cha mbao zilizobandikwa magazeti, na kati ya mbao mbili palikuwa na pengo lililoingiza moshi na maneno. Mambo mengi ya mwaka ule niliyajua kupitia pengo hilo. Nilijua kwamba Cucu alimwambia mumewe ninakula kama kuku mgonjwa. Nilijua Guka alisali kwa sauti akimkamua ng'ombe, na kwamba ng'ombe huyo aliitwa Theodora. Wiki ya kwanza nilidhani ni jina la binti yao aliyefariki, nikawa nanyamaza kwa heshima kila lilipotajwa. Chakula chetu kilikuwa githeri, viazi, mboga za terere, na mara moja moja njahi, zile maharagwe nyeusi, Cucu alipotaka kunitia nguvu. Lakini Jumatano ya kwanza niliwekewa kikombe cha turungi, chai isiyo na maziwa hata tone, na hali niliona kwa macho yangu Theodora amejaza ndoo. Nikaandika katika daftari: *Leo nimenyimwa maziwa. Sijui nimekosa nini.* Ijumaa tena turungi. Ndipo nilipoona kwamba wao wenyewe walikuwa wakinywa hiyo hiyo, na Cucu akanieleza kwamba Waorthodoksi hufunga maziwa na nyama siku hizo mbili kila wiki. Kwetu tulisali kanisa lingine, ambako chai ya maziwa haikuwahi kumdhuru mtu. Nikainywa turungi ile. Baadaye nilizoea hadi maziwa yakawa yananishinda.

Nilikuwa mwoga wa kuzungumza. Nasema mwoga kwa sababu ndilo neno lenyewe. Watu wazima walisema "mpole" na lilinikera. Mwalimu akiniuliza swali, jibu nililijua, lilipanda hadi kifuani, likakaa hapo likitetemeka. Muriuki, aliyekaa nyuma yangu darasani na ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alinipa jina la Vaibreti. "Manze hii simu imewekwa vaibreti," alisema, "inaita lakini huwezi kuisikia." Darasa zima likacheka, nami pia nikacheka, na nyumbani nikaandika kurasa tatu za mambo ambayo ningemwambia Muriuki kama ningekuwa mtu mwingine.

Kanisa la Guka lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, mabati juu na mbao za maganda ubavuni, na ndani yake picha za watakatifu wenye macho makubwa waliokutazama popote uliposimama. Chini, mahali anaposimama askofu akija, palikuwa na zulia dogo lenye tai wa vichwa viwili. Guka ndiye aliyekuwa mwimbaji. Hakukuwa na kinanda wala ngoma. Alisimama kando, mbele ya kitabu chake kilichofungwa kwa utepe wa gundi, akaimba kwa Kikuyu kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ikipanda na kujipinda kama njia ya mlimani. Jumapili ya tatu aliniita kwa kidole nikasimame kando yake. Nilitaka ardhi inimeze. Akaninong'oneza, "Wewe usiimbe. Shika tu hii." Akanipa noti moja ya chini, "oooo", niiendeleze huku yeye akiimba juu yake. Alisema wimbo ule hauwezi kusimama bila mtu wa chini, na mtu wa chini hatakiwi kusikika. Anatakiwa tu asiache. Nilishika. Pumzi ilipoisha niliiba nyingine upesi, nikashika tena. Hakuna aliyenitazama. Usiku sikuandika mengi siku ile, nimeona sasa. Nimeandika tu: *Kuna kazi ya watu kama mimi.*

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza wimbo ule umetoka wapi, na Guka akaanza kunisimulia habari za Mji. Hakuuita jina mara nyingi. Akiwa kijana alisomeshwa kuimba na padri mmoja mgeni kutoka Kupro, na kwa padri yule, na sasa kwa Guka, ulikuwa Mji tu, kama vile Nyeri nzima tunavyosema Mlima bila kuhitaji kusema upi. Alisimulia jioni akimenya viazi, kisu kikizunguka bila yeye kukitazama. Niliambiwa habari za mfalme Konstantino aliyeacha Roma akajenga Mji mpya penye bahari pande tatu, na habari za ukuta wake wa tabaka tatu ambao majeshi yalikuja kuutazama kwa miaka elfu moja na kurudi kwao. Niliambiwa habari za matangi ya maji chini ya ardhi, makubwa kama makanisa, yenye nguzo na samaki. Niliambiwa habari za watawa wawili waliotoroka China na mayai ya nondo wa hariri ndani ya mikongojo yao, na hapo Cucu, ambaye alijifanya hasikilizi, akasema kwamba ndivyo na kahawa ilivyofika kwa watu, mtu fulani lazima aliiba. Niliambiwa pia habari za malkia Theodora. Watu walipoasi na Mji mzima ukawaka moto, mfalme na washauri wake walikuwa wameshapakia merikebu wakimbie, na ni yeye aliyekataa kuondoka. "Hata huyu wetu," Guka alisema akielekeza kisu upande wa zizi, "jaribu kumtoa mahali hataki."

Alisimulia kama mtu anayesimulia habari za majirani. Wakati mwingine alisema "walikuwa", wakati mwingine "wako", na mimi, ambaye sikuwahi kuona Mji huo katika kitabu chochote cha shule, sikujua nisikilize lipi. Alipofikia mzingiro wa mwisho alisimulia kwa siku nyingi: mzinga mkubwa uliovutwa na mafahali, mnyororo uliofunga bandari, na jinsi Sultani aliyeuzingira Mji alivyopitisha meli zake nchi kavu, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, usiku kucha. Kisha Jumatatu. Jumatatu ile watu wote wa Mji, hata wale waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya ugomvi wa makanisa, walibeba picha zao takatifu wakazunguka ukutani, na jioni wakaingia wote katika kanisa kuu la Hekima Takatifu, na mfalme akaomba msamaha kwa kila mtu, na wakaimba. "Wakaimba," Guka alisema, akatia kiazi cha mwisho katika sufuria. Nikauliza kisha ikawaje. Akasema, "Cucu, hii maji imechemka?" Nilimuuliza mara tatu mwaka ule, siku tofauti, na mara zote tatu Mji ulikuwa ndani ya kanisa unaimba, na Guka alikuwa na kazi nyingine. Nikajijibia mwenyewe: basi waliokolewa. Kwani mtu angesimulia mzingiro kwa wiki mbili halafu aache mwisho mbaya?

Na kulikuwa na jambo la Jumanne. Guka hakuanza kitu kipya Jumanne. Kuendelea na kilichoanzwa aliendelea, lakini si kuanza. Mvua ya Machi ilishuka Jumanne, na ridge nzima, watu wa mteremko wetu wote, ikatoka na majembe, isipokuwa shamba letu. Nilikuwa nimesimama kwenye ua nikasikia jirani akimpigia kelele kutoka ng'ambo ya miti ya chai: "Gathogo, ati mvua inasoma kalenda?" Guka akajibu kwamba viazi vyake vinasoma. Watu walikuwa na maelezo yao: wengine walisema aliwahi kuuziwa ng'ombe tasa siku ya Jumanne, wengine kwamba ni mambo ya Wagiriki, na Wagiriki wana mambo. Jumatano alfajiri tukapanda, tumbo likiwa na turungi tu.

Mwalimu wetu wa historia, Bwana Barasa, alikuwa ametumwa kwetu kutoka Bungoma mwaka uliotangulia, na baridi ya Nyeri ilikuwa haijamsamehe. Alifundisha na koti, na skafu juu ya koti. Muhula wa pili alitangaza kwamba shule za kaunti zitashindana: kila shule itoe mwanafunzi mmoja asimame dakika kumi aeleze mji mmoja wa kale. Tuandike insha kwanza, naye atachagua. Nilikuwa najua Muriuki ataandika Roma, na ataandika vizuri, na atasimama. Sikuandika ili nichaguliwe. Niliandika kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua kitu ambacho darasani hakuna mwingine aliyekijua, na sikuweza kukibeba peke yangu. Kurasa kumi na moja. Nikaanza na ukuta na nikamaliza na Jumatatu: watu wote wa Mji ndani ya kanisa, wakiimba, na kwa sababu ya umoja wao, nikaandika, Mji umesimama hadi leo.

Aliisoma mbele ya darasa. Alisoma vizuri, na darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sikuwahi kulisikia likinyamaza. Alipofika mstari wa mwisho alisita, akausoma kimya, akavua miwani.

"Nyawira," akasema, "hii ndiyo insha nzuri kuliko zote. Lakini inaishia Jumatatu. Nani alikwambia Mji ulipona?"

Akaeleza, si kwa ukali, bali kama mtu anayesahihisha hesabu. Jumanne, kabla ya jua kuchomoza, ukuta ulivunjwa. Mfalme wa mwisho alivua alama za ufalme akaingia vitani na mwili wake haukutambuliwa. Wale waliokuwa kanisani walifungiwa milango na wakatolewa wamefungwa kamba. Hakuna tena Mji wa Wabizanti, kama vitabu vinavyowaita watu wake. Haujakuwepo kwa zaidi ya miaka mia tano. Kisha Muriuki akasema, kwa sauti ya mtu wa taarifa ya habari, kwamba habari zimechelewa kufika Tetu kwa sababu simu ilikuwa vaibreti. Hata Bwana Barasa alicheka. Nimemsamehe, lakini alicheka.

Nilifika nyumbani nikapita jikoni bila kusalimu. Kupitia pengo nilimsikia Cucu akiuliza nina nini, na Guka akisema labda ni njaa. Ukurasa wa siku ile umechanika kwa nguvu ya kalamu. *Ni mwongo. Ananifanya mjinga mbele ya watu. Mzee mzima.* Kesho yake asubuhi, nilipopewa ndoo nimpelekee Guka zizini, nilimwambia. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia: kwamba Mji ulianguka, kwamba ulianguka Jumanne, kwamba alijua, na kwamba shule nzima inanicheka. Mikono yake iliacha kukamua. Theodora akageuza kichwa kutazama kulikoni. Kisha Guka akaendelea kukamua, na mimi nikaenda shule.

Siku tatu hatukuzungumza. Bwana Barasa aliniita ofisini akaniambia amenichagua mimi, si Muriuki, ila lazima niandike mwisho upya, na kwamba mashindano ni Jumanne wiki mbili zijazo. Alidhani nitakataa. Nilikubali kabla hajamaliza, na kama ninaandika ukweli hapa, basi niandike na huu: nilikubali kwa ubaya. Nilitaka kusimama mbele ya kaunti nzima niseme Jumanne kwa sauti, siku ya Jumanne yenyewe, na Guka asikie kwamba nimeisema. Nilitaka aone haya kama mimi. Hofu yangu yote ya kuzungumza ilikuwa bado pale, lakini hasira ilikuwa imekaa juu yake.

Jioni ya tatu tulikuwa tunapukuchua mahindi, sote watatu, karai katikati. Cucu alitupa gunzi akasema kwa Kikuyu, bila kumtazama mtu, "Mwambie mtoto. Mimi nimechoka kupika kwa mabubu."

Guka alipukuchua gunzi lake hadi likaisha. Kisha akasema alikuwa na miaka saba, labda minane, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipofunga makanisa na shule za kujitegemea. Kanisa lao lilikuwa la udongo na nyasi, baba yake alikuwa mmoja wa waliolijenga. Jioni moja watu walikusanyika humo, wengi, hata waliokuwa wamegombana, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba litabomolewa. Wakaimba. Yeye alilala mgongoni mwa dada yake wakiimba. Asubuhi walitolewa nje, na akatazama nguzo zikivutwa kwa kamba. Na waliovuta kamba, alisema, walikuwa watu aliowajua kwa majina.

"Ilikuwa Jumanne?" nikauliza.

"Sijui ilikuwa siku gani. Nilikuwa mtoto, niko na miaka saba, nitajua siku?" Akachukua gunzi lingine. "Miaka mingi ikapita. Yule padri wa Kupro akatusimulia Mji wao, akafika hapo kwa Jumanne, akalia. Mtu mkubwa, ndevu mpaka hapa. Nikasema, kumbe iko na jina. Kumbe hiyo siku yangu inaitwa Jumanne."

Cucu alikuwa ameacha kupukuchua. Guka akasema hakunidanganya. Alinisimulia hadi pale miguu yake inapofika. "Wewe uko na miguu mizuri," akasema. "Kama unataka kusema Jumanne, sema. Lakini usianze hiyo kitu Jumanne. Hiyo nakuomba." Nikamuuliza kama atakuja kunisikiliza. Akasema hapana.

Sikujua nifanye nini na hasira yangu baada ya hapo. Ilikuwa bado ipo lakini haikuwa na mtu. Nikairudia insha, na nilipoandika Jumanne yote kama Bwana Barasa alivyonipa, niliona kwamba sasa ilikuwa ya kweli lakini haikuisha. Nikaenda ofisini kwake wakati wa chai. "Mwalimu," nikasema, "na Jumatano?" Akauliza Jumatano gani. Nikasema wale walioamka Jumatano walifanya nini, maana watu wote hawakufa, na wimbo ninaoushika kila Jumapili lazima mtu aliubeba. Akavuta skafu hadi puani. Akasema kitabu chake hakisemi. Lakini Ijumaa alirudi kutoka Nyeri mjini na karatasi alizochapisha kutoka mtandaoni, ameweka mistari kwa kalamu nyekundu, na nikajua amenunua kwa hela zake, na sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Humo mlikuwa na watu wa Jumatano: waliokombolewa, waliofukia wafu, waliopata kanisa dogo wakaanza tena sala mahali zilipokatika, waandishi waliobeba vitabu hadi Italia, watawa wa milimani na visiwani walioimba vile vile, na kuwafundisha vijana ambao hawakuwahi kuuona Mji.

Jumatatu, siku moja kabla ya mashindano, Guka alinisubiri nje ya lango la shule, kofia mkononi. Hakuwahi kuja shuleni. Akanipeleka kanisani, akafungua kufuli, akanisimamisha juu ya zulia la tai, mahali pa askofu, jambo ambalo nina hakika haliruhusiwi. Akasema, "Anza." Nikasema mashindano ni kesho. "Ndiyo maana," akasema. "Anza leo. Kesho utakuwa unaendelea tu." Watakatifu wote wakanitazama. Nikasema sentensi ya kwanza, ile ya ukuta, na sauti ikatoka ikagonga mabati ikarudi. Akanifanya niseme sentensi ile moja mara nne. Nilipotaka kuendelea na ya pili akaninyamazisha. Ya pili, akasema, ni ya Jumanne.

Ukumbi ulikuwa mjini, wenye viti vya plastiki na kipaza sauti kilicholia kama paka. Nilikuwa wa saba. Wasemaji sita walipita kama ndoto. Mmoja alisema Roma, mwingine naye Roma. Nilipoitwa nikapanda, nikatazama chini, nikaona viatu vyangu. Kisha nikajiambia, unaendelea tu, na nikasema sentensi ya pili bila kusema ya kwanza. Majaji hawakuelewa kwa nini hotuba yangu inaanzia katikati. Sikujali. Nilisema ukuta, nondo wa hariri, Theodora. Nikasikia watu wakicheka mahali pa kucheka. Nikafika Jumatatu. Nikainua macho, na katika safu ya mwisho nikamwona Guka, koti lake la Jumapili, kofia magotini.

Nikasema, "Jumanne, kabla ya jua kuchomoza."

Guka akasimama. Sauti yangu ikakatika. Nilijua anaondoka, na kwamba ni mimi niliyemfukuza, na kwamba ndivyo nilivyotaka wiki mbili zilizopita. Kipaza sauti kikavuma. Muriuki, ambaye Bwana Barasa alimleta awe wa akiba, alikuwa ananitazama kutoka kando, na nakiri hakuwa akicheka. Lakini Guka hakugeukia mlango. Alisimama tu, mikono ubavuni, kichwa kimeinama kidogo, na ndipo nikatambua: alikuwa amesimama kama wanavyosimama kanisani Injili inaposomwa. Msimamizi mmoja alimwendea akamwonyesha kiti. Guka hakumtazama. Nikavuta pumzi kama nilivyozoea kuiba pumzi, chini, bila mtu kusikia, na nikaisema Jumanne yote: ukuta, mfalme, milango, kamba. Niliisema polepole. Kengele ya dakika kumi ililia nikiwa kwenye kamba. Nikaendelea. Nikasema na Jumatano, na kengele ikalia tena, na nilipomaliza Guka bado alikuwa amesimama.

Nilipunguziwa alama kwa kuzidisha muda na kwa kukosa utangulizi. Nilipewa cheti cha kushiriki, jina limeandikwa "Nyamira". Muriuki alikisoma akasema angalau wamenipa kaunti nzima. Akaacha kuniita Vaibreti, au labda alisahau. Wavulana husahau mambo ambayo sisi tunayaandika. Njiani kurudi Guka hakusema kitu chochote kuhusu hotuba, ila tulipofika langoni alisema, "Hiyo ya Jumatano sikuwa najua." Hadi leo sijui alimaanisha habari zenyewe au kwamba habari kama hizo zinaweza kusimuliwa. Hakuacha kukataa kupanda Jumanne. Lakini tangu siku ile, akinisimulia Mji, alifika Jumatatu, akatia kiazi cha mwisho katika sufuria, kisha akanitazama, na mimi nikaendelea.

Basi Jumatatu hii nilifunga duka nikaenda Tetu mchana, nikiwa nimejipanga njia nzima jinsi ya kumweleza Cucu bila kumwudhi mtu. Ua ulikuwa umejaa: vijana wakisimamisha hema, wanawake na masufuria, watoto wa mzee na simu zao. Cucu alikuwa ameketi pale palipokuwa na karai siku ile. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. "Umechelewa," akaniambia. "Anza." Mwanawe mkubwa akasema kwa adabu kwamba ratiba imechapishwa, ibada ni kesho saa nne. Cucu akamwambia yeye ale. Nikasimama katikati ya sebule, katikati ya watu nisiowajua, jua bado liko juu, nikaimba mstari wa kwanza wa *Mungu Mtakatifu*, wimbo wa kumsindikiza marehemu. Mmoja tu. Kisha nikanyamaza, na Cucu akatikisa kichwa kukubali, na wanawake wakarudi kwenye viazi.

Jana, Jumanne, tuliendelea. Niliimba mimi, kutoka mstari wa pili, mbele ya kitabu chake chenye utepe wa gundi. Hakukuwa na mtu wa kushika chini. Wimbo uliyumba, nikauona unataka kuanguka, na ndipo nyuma yangu ikaja sauti nene, si noti yenyewe hasa, jirani yake. Nikageuka kidogo. Bwana Barasa, skafu shingoni, macho amefumba, ameshika. Hakuachilia hadi udongo ulipoisha.

Leo ni Jumatano. Ninaandika haya kwenye meza ya jikoni, turungi kando yangu, na daftari jipya ambalo sijaliandika kitu juu. Chini ya kitanda cha Guka tumekuta debe la viazi vya mbegu, vimechipua, amevipanga macho juu kama anavyopenda. Mvua ilinyesha jana wakati wa mazishi na ridge nzima ilikuwa kwetu, hakuna aliyepanda. Cucu amesimama mlangoni na majembe mawili, na ananiuliza kama nitaandika hadi jua liwe kali.